Miwani ya kupatwa kwa jua niliyonunua Lamu, mpaka leo nina hasira

Nilishaachana na hii habari lakini juzi nimepita Langoni nikaona duka lile lile limetundika tena miwani za karatasi, eti za jua la 2027, jamani moyo ukachemka upya.

Mwaka ule wa korona jua lilipatwa Jumapili asubuhi, shule zimefungwa watoto wamejaa nyumbani, nikasema niwanunulie wasije wakaharibu macho. Mia tatu moja! Kufika nyumbani naivaa naona taa ya sebuleni, naona mpaka feni inazunguka. Miwani ya kweli ukiivaa ndani ni giza tupu, feni utaionea wapi. Na ubavuni imechapwa ISO 12312-2, ile namba ya kiwango cha usalama cha miwani ya kutazamia jua, vizuuuri, kwani kuchapa kuna kazi gani.

Hiyo ningesamehe, ila yule kijana wa kaunta. Namrudishia kwa adabu ananiambia mbele za watu "bi mkubwa, wewe ni daktari wa macho? Yakiwauma si watafumba wenyewe." Yakiwauma! Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu we kijana, mtoto anaungua huku anacheka, anakuja kujua baadaye akiona doa katikati ya kila anachotazama. Akaongeza basi wawekee beseni la maji watazamie humo kama mabibi zetu, na mng'ao wa majini nao unaunguza. Pesa hakurudisha.

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haiwekeki. Japo haki ya Mungu chaja niliyonunua hapo inachaji mpaka leo, na babake akiwepo dukani ni mstaarabu, sasa sijui, labda mbili. Watoto wenyewe hawakukosa kitu, tulipanda darini wakalipa jua mgongo, nikashika chujio la tambi, mwanga ukapita kwenye matundu yake, kwenye ukuta wa chokaa vikatokea vijua vidogo vidogo kila kimoja kimemegwa kama biskuti, wakapiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Aa hapana, narudi kwenye moja. Agosti 2, 2027 jua litafunikwa lote kule Luxor na Makka, kwetu ni kipande tu, maana yake hakuna hata dakika moja ya kuvua miwani. Duka lolote nitakaloingia nitaivaa pale pale kaunta nimtazame muuzaji usoni, nikimuona tu, pesa yangu haitoki.