SUV kubwa ya mtumba kwa safari ndefu na kulala ndani: kagua sakafu kabla ya injini

Malalamiko ninayopata kuhusu haya magari makubwa yanafanana sana. Mtu kanunua V8 ya siti 8, kaikagua injini, kaipeleka kwa fundi, kafurahi, halafu usiku wa kwanza kambini anakunja siti atandike godoro anakuta ngazi imepita katikati ya mgongo na miguu iko juu kuliko kichwa. Gari ni kubwa kweli ila haina pa kulala, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo leo sigusi skrini, rangi wala nguvu za farasi, hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Mi naongelea sakafu.

Kinachoharibu sakafu ni ekseli ya nyuma. Gari yenye ekseli nzima, ile ya bomba moja toka tairi hadi tairi, ikipiga shimo ekseli yote inapanda, kwa hiyo lazima sakafu iinuliwe kuipa nafasi na siti ya tatu (ile safu ya nyuma kabisa) inakosa pa kuzama. Kwenye gari ambayo kila tairi ya nyuma inacheza kivyake, difu imefungwa kwenye chesisi haipandi wala kushuka, basi sakafu inashuka na siti inazama vizuri. Ndo maana unaangalia modeli na mwaka, jina peke yake halitoshi.

Namba moja kwangu ni Toyota Sequoia ya 2008 hadi 2022, na sifichi, Toyota naipenda. Siti zote za nyuma zinalala chini, injini ya lita 5.7 ina cheni (hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila baada ya muda ukakutia presha), tangi ni lita 100, na kioo cha mlango wa nyuma kinashuka chote kwa umeme. Hicho kioo nakithamini sana, maana watu wawili wakilala gari imefungwa kabisa asubuhi vioo vinatiririka maji na magodoro yamelowa, wakati hapo unashusha kidogo tu unaweka neti. Mafuta inakunywa, hesabu kama kilomita 6 kwa lita, jipange. Ukiikagua shika mshikio wa mlango wa nyuma uuvute mara kadhaa, huwa unavunjika ndani na mlango haufunguki tena kwa nje. Ingia na chini uangalie kutu ya chesisi, gongagonga na nyundo ndogo, ikiwa inabomoka kama biskuti ondoka hapo. Ila mtu akikuletea ya 2023 kuja juu akakwambia ni ileile mpya zaidi, mkatalie. Ile ni haibridi, yaani petroli na umeme pamoja, betri imekaa nyuma, ekseli nzima imerudi na siti ya tatu hailali sawa na sakafu, hadi Toyota wenyewe wameweka shelfu ya kupandisha ili kusawazisha. Naipenda Toyota lakini hapo wametukosea watu wa kambi.

Ya pili ni Ford Expedition, hasa ile ndefu, EL ya 2007 hadi 2017 au Max ya 2018 kuja huku. Hawa tangu 2003 tairi za nyuma zinacheza kivyake, kwa sakafu peke yake wangeweza hata kuishinda Sequoia. Kinachoniogopesha ni injini ya lita 5.4 yenye valvu 3 kwa silinda, za miaka ya mwanzo plagi zilikuwa zinakatikia ndani wakati wa kuzitoa, na taimingi zake zinajulikana kwa kelele. Iwashe ikiwa ya baridi uisikilize, usikubali kukuta muuzaji ameshaipasha moto.

Chevrolet Suburban ina urefu wa kumwaga, ila ya 2007 hadi 2014 siti ya tatu haizami, inabidi uing'oe uiache nyumbani na ni nzito. Ya 2015 hadi 2020 inalala lakini sakafu iko juu, ukikaa kitandani kichwa kinagusa paa. Ya 2021 ndo wakarekebisha ekseli. Injini yao ya 5.3 inayozima silinda baadhi ikiwa na mwendo laini ina historia ya lifta (vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu) kufa, sikiliza kama kuna mgongano wa taktak.

Land Cruiser 200 najua wengi mnaisubiria iwe ya kwanza. Kwa barabara mbovu haina mpinzani na lile geti la chini la nyuma ni benchi tosha la kupikia. Lakini nyingi siti ya tatu inaning'inia pembeni kwenye vioo inakula mabega yenu, na siti ya pili inabiringika mbele inakula urefu. Toa zile za pembeni ni bolti tu, hapo inalalika. Bei zake ndo zinaniudhi, muuzaji anachaji jina, gari imechoka anakwambia "hii ni Land Cruiser bosi" kana kwamba hilo ni jibu.

Chevrolet Tahoe, mdogo wake Suburban, zile za zamani za bei chee, kwa mtu mmoja mfupi zinafaa.

Sasa wauzaji. Picha ishirini za taa na usukani, hata moja siti zimekunjwa hakuna, ukiomba unaonekana msumbufu. Nenda na futi. Rudisha siti za mbele pale unapokaa ukiendesha, maana ujanja wao ni kuzisogeza mbele kabisa ili nyuma paonekane parefu, halafu funga mlango wa nyuma ndo upime. Mtu wa mita 1.8 anataka angalau mita 1.9. Kisha vua viatu ulale, dakika kadhaa, muuzaji asubiri. Akikataa usilale ndani ya gari unayotaka kulipia, mwachie gari yake.

Na usiondoke kabla hajakushushia tairi ya spea. Kwenye haya magari inaning'inia chini na kebo au mnyororo, inashushwa na vyuma virefu vinavyokaa na jeki, na nyingi za mtumba vyuma hivyo vimeshapotea au kebo yenyewe au mnyororo umeshikwa na kutu. Muuzaji atasema ipo ipo. Ashushe uione, na airudishe yeye.