Walituuzia visa ya Ushelisheli, nchi isiyodai visa

Kama uko Lubumbashi na unafikiria kwenda Ushelisheli, soma hii kabla hujaweka dola zako juu ya meza ya ajansi yoyote. Ushelisheli haidai visa. Haimdai mtu yeyote, awe Mfaransa, Mchina au Mkongomani. Nasema hivi kwa sababu mimi nimelipa dola 120 za visa hiyo, mke wangu dola 120 nyingine, na risiti ninayo hapa, imeandikwa kabisa "viza" na kugongwa mhuri wa duara.

Ajansi yenyewe siitaji. Iko mjini kati, ina kiyoyozi na picha kubwa ya minazi ukutani, na wateja wake wengi ni watu wa migodi. Tulienda pale wakati wa kiangazi, zile asubuhi za baridi unapotoka na koti na kulibeba mkononi mchana. Mke wangu ndiye aliyetaka visiwa. Mimi ningeridhika na hifadhi ya Kundelungu ya huku kwetu, lakini miaka ya ndoa ilikuwa imefikia hesabu ya mviringo na nilishaahidi mbele ya mashemeji.

Kinachotakiwa Ushelisheli ni kibali cha kusafiri tu. Unakijaza kwenye intaneti, hata kwa simu, kabla ya kupanda ndege: picha ya pasipoti, picha ya uso wako, tiketi ya kwenda na kurudi, na mahali utakapolala. Bei yake ya kawaida ni kama euro 10. Hakuna kupeleka faili ubalozini, hakuna mahojiano, na pasipoti haiondoki mfukoni mwako. Za kwetu zilifungiwa kwenye droo ya yule dada wa mapokezi kwa muda ambao nikiufikiria hata leo napandwa na mori. Nikipiga simu: "Papa, faili iko ubalozini Kinshasa, kuna foleni." Nikipiga tena: "Papa, balozi amesafiri." Balozi amesafiri! Uongo wa bure kabisa, na sauti laini kama mtu anayekuombea heri. Halafu ikaja habari ya "njia ya haraka", dola 40 za nyongeza kwa wote wawili.

Nikaenda mwenyewe. Dada akapokea noti zangu, akazihesabu, akainua moja kwenye mwanga wa dirisha. Akaona pembeni imechanika padogo, tundu la kupitisha sindano. Akanirudishia. "Hii hapana, Papa. Leta ingine." Fikiria mwenyewe: anakagua dola yangu kama ni halali, huku yeye ananiuzia kitu kisichokuwepo duniani.

Nikamuuliza kwa upole: "Mama, hii visa inagongwa ndani ya pasipoti ao ni karatasi?" Hakuinua uso. "Papa, weye unajua hii kazi kuliko sisi? Watu wa migodi wanalipa bila maswali. Utalipa ao hautalipa?" Mbele ya wateja. Mbele ya mke wangu. Binti wa umri wa mtoto wangu wa tatu! Mke wangu akanigusa kiwiko, nikalipa. Na hapohapo, bila aibu, dada akaangalia kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano na kusema zimepita miaka kumi, hazifai, ila yeye anaweza kututengenezea nyingine. Hapo mke wangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyewaka. Tangu Julai 2016 sheria ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chanjo hiyo moja inatosha maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Kadi yenyewe ibebe kweli, maana sisi tunaotoka Kongo lazima tuionyeshe. Lakini usikubali kununua nyingine.

Ukweli wa visa niliupata Addis Ababa, tukisubiri ndege ya pili. Nilikuwa napekua farde, yaani jalada la karatasi, ya ajansi kwa kukosa la kufanya. Karatasi ya juu ilikuwa kibali, na sikuona neno visa mahali popote. Nyuma yake, imebanwa kwa pini, walikuwa wamesahau kutoa karatasi ya malipo: euro 10. Chini yake nyingine ya mke wangu: euro 10. Nilizisoma mpaka mke wangu akaniambia nipunguze sauti, watu wanatuangalia.

Tulipofika Mahé, kisiwa chao kikuu, afisa wa uhamiaji akatusalimu kwa Kifaransa, akaangalia tiketi ya kurudi na jina la hoteli, akagonga mhuri. Mhuri wenyewe una umbo la ile nazi yao kubwa ya ajabu, mke wangu akacheka peke yake. Hakutudai chochote. Ruhusa ya kukaa mgeni anapewa palepale, bure, ndiyo utaratibu wa nchi yao. Mimi nikawa nimesimama pale nafanya hesabu ya 240 jumlisha 40.

Sasa niseme haki, maana sitaki kuonekana mtu wa chuki. Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na kijana wa kwetu, Mkolwezi kwa lafudhi yake, ambaye alikuwa amefuta hoteli aliyoandika kwenye kibali ili alale kwa rafiki. Walimvuta pembeni na maswali hayakwisha. Kwetu kila karatasi ilikuwa mahali pake: hoteli ya kisiwa cha Praslin imelipwa, tiketi za boti zipo, mtu wa kutupokea anasimama na jina letu limeandikwa bila kosa. Mpangilio ulikuwa mzuri. Hoteli ilikuwa nzuri kuliko picha. Nikamwambia mke wangu, basi, labda niwasamehe.

Kesho yake nikapanda boti ya Praslin na msamaha ukaisha.

Ajansi walituambia: "Kule pia ni kiangazi, bahari imelala." Ni kweli mvua ni chache, lakini kuanzia Mei hadi Oktoba kunavuma upepo wa kusini-mashariki, na kati ya Mahé na Praslin bahari inainuka. Safari ni saa moja hivi. Wahudumu wanapita na mifuko ya karatasi kabla hata hujatoka bandarini, hapo ndipo unaelewa. Kaa nyuma, chini, na meza kidonge kabla ya kupanda, maana ukishaanza kutapika umechelewa. Upepo huohuo unaleta majani ya bahari kwenye fukwe zinazoutazama, na ufuo wa hoteli yetu ulikuwa unautazama. Tulikuwa tunavuka upande wa pili, Anse Lazio, kutafuta maji safi. Mtu aliyekula dola 280 zangu hakuweza kunidokeza hilo?

Mengine kwa haraka. Saa zao ziko mbele ya za Lubumbashi kwa saa mbili. Soketi ni za pini tatu za mraba, chaja zetu haziingii, nunua adapta hapa kabla ya kuondoka. Kifaransa kinatosha popote, huna haja ya kuhangaika. Wanaendesha kushoto, na usukani wa kuume, ambao teksi zetu za Lubumbashi zinauvaa bila sababu, kule una kazi yake. Ila barabara za milimani Mahé ni nyembamba na ukingo unaanguka moja kwa moja bondeni. Mimi nilipanda basi. Kisiwa cha La Digue watu wanatembea kwa baiskeli. Kodi ya mazingira inalipwa hotelini, rupia 25 hadi 100 kwa kila mtu kwa kila usiku, kulingana na ukubwa wa hoteli, nayo ajansi walikuwa wamesema "kila kitu kimelipwa". Ile nazi kubwa usiibebe hivihivi, lazima iwe na cheti chake, la sivyo inabaki uwanja wa ndege. Kari ya pweza kwa tui, kula. Bukari, ugali wetu, sahau.

Na Vallée de Mai, msitu wa hizo nazi, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1983: hapo sina lalamiko hata moja. Majani makubwa yanagongana juu kwa upepo kama mabati, mimi nilinyamaza, na si kawaida yangu.

Tuliporudi nilienda ajansi na zile karatasi mbili za euro 10. Dada yuleyule. Akazitazama, akaita mkubwa wake, mkubwa akanipa kiti na maji ya baridi, akaniita Papa wangu. Eti ile haikuwa ada ya visa, ilikuwa ada ya huduma, kosa ni la mashine ya risiti. Na balozi aliyesafiri, naye ni mashine? Na ile 40 ya haraka? Angeniambia tangu mwanzo, "Papa, tunakujazia fomu, tunakupangia hoteli na boti, kazi yetu ni dola mia mbili," ningelipa na ningemshukuru, kwa sababu kazi ya hoteli na boti waliifanya vizuri, narudia. Walichoniuzia ni mhuri ambao Ushelisheli inautoa bure.

Basi niwape alama gani? Kwa mpangilio wa safari, nzuri sana. Kwa heshima, sifuri. Kwa pesa, wizi. Jana nilitaka kuandika kwamba mtu mwenye haraka na asiyejua intaneti anaweza kuwatumia akiwa macho. Leo nimeitazama tena ile risiti na nimefuta sentensi hiyo.

Mkubwa alinipa karatasi ya punguzo kwa safari ijayo. Mke wangu ameiweka kwenye Biblia yake, anasema mwisho wa mwaka twende nao Mauritius. Mimi nimemwambia warudishe kwanza dola zangu 280, watoe tu zile euro 20 za kibali, na noti wakinipa nitazipitisha kwenye mwanga wa dirisha moja baada ya nyingine.