Mababu wa wanangu nimewakuta kwenye hati za notari, Quebec

Wanangu wana pande mbili. Upande wangu, wa Tanga, naujua kwa mdomo. Bibi alikuwa akitutajia nasaba mpaka usingizi unatuchukua. Upande wa baba yao, Mkanada wa Boucherville karibu na Montréal, tulikuwa na vitabu vya kanisa tu: kabatizwa, kaoa, kazikwa. Basi. Miaka miwili sasa nasoma hati za notari zinazotunzwa na BAnQ, maktaba na nyaraka za taifa za Quebec, na ndizo zilizonipa watu badala ya majina.

Notari wa kule si kama wakili wetu wa kugonga muhuri kwenye kiapo. Tangu enzi za utawala wa Ufaransa yeye ndiye aliyeandika mikataba ya ndoa, mauziano ya mashamba, wosia, madeni, hata ajira za vijana waliokwenda kupiga makasia kwenye biashara ya manyoya. Hati yenyewe ilibaki kwake, wahusika wakachukua nakala. Ndiyo maana zimesalia. Nyingi zimepigwa picha na zinasomwa mtandaoni bila malipo.

Ila usidhani utaandika jina la babu na hati itajileta. Kwanza ujue ni notari gani aliyehudumia kijiji kile, na miaka ipi. Kisha unafungua orodha yake ya hati, iliyopangwa kwa tarehe, unachukua namba, ndipo unaifuata hati. Kwa karne ya 17 na 18 kuna faharasa iitwayo Parchemin, inayokuokolea siku nzima nzima. Wanawake huandikwa kwa jina la ukoo wa baba zao, hata mjane aliyeolewa mara tatu. Ni kama sisi tunavyosema fulani binti fulani. Wanaume ndio wanaosumbua, maana wengi wana majina mawili, mfano Hudon dit Beaulieu (yaani Hudon aitwaye Beaulieu), na mtoto huyu akashika la kwanza, yule la pili.

Mwandiko ni mgumu. Nilipoteza wiki mbili nikisoma 8bre kuwa Agosti, kumbe ni Oktoba. Aliyenifungua macho ni mama mkwe. Aliniambia, "Isome kwa sauti, mwanangu," kwa kuwa waliandika kama walivyosikia. Tukakaa mezani kwake, mimi nikitamka herufi, yeye akikamata neno.

Hivyo ndivyo tulivyoisoma hati ya 1743. Mzee na mkewe wanamwachia kijana wao shamba, naye anajifunga kuwatunza hadi kufa. Hakuna kilichoachwa hewani: kila mwaka minoti 20 za ngano (minoti moja ni takriban lita 39), nguruwe mmoja mnono, kuni zilizokatwa na kufikishwa mlangoni, tumbaku ya mzee, farasi wa kuwapeleka misa, na baada ya kifo, mazishi na misa za kuwaombea. Mwishoni notari anaandika kwamba wote watatu wametamka hawajui kusaini. Mama mkwe alinyamaza kitambo. Mimi nilimkumbuka babu yangu, aliyeyaomba hayohayo kwa wanawe bila karatasi yoyote.

Tahadhari moja. Mkataba wa ndoa si ndoa. Uliandikwa kabla ya kwenda kanisani, na wapo waliorudi kwa notari kuuvunja. Tovuti moja ya kulipia, sitaitaja, ilituwekea bibi ambaye hakuolewa kamwe na babu yetu, kwa sababu mtu alinakili mkataba bila kuuliza kanisa. Linganisheni kila mara.

Na msiziache hesabu za mali baada ya kifo. Zinataja sufuria, ng'ombe, shuka zilizochakaa, na wadeni. Lakini utajiri wenyewe uko ukurasa wa mwisho, pale wanapoorodhesha karatasi zilizokutwa sandukuni, kila moja na tarehe yake na notari wake. Hesabu ya mke wa mzee yule imenitajia hati 11. Nimeshazipata nne. Ya tano ni ya notari mwingine, wa ng'ambo ya mto, na Jumamosi naenda kuitafuta na binti yangu mkubwa, ambaye sasa anasoma 7bre (Septemba) na 8bre bila kuuliza.