Queen ama Michael Jackson?

Barazani kwetu Mji wa Kale, kahawa chungu ikimiminwa, mimi hutetea albamu ya A Night at the Opera ya bendi ya Queen (1975). Kaka yangu haambiliki kwa Thriller ya Michael Jackson (1982).

Thriller ina nyimbo 9 tu, na karibu zote zinashika. Besi ya Billie Jean ikianza ndani ya matatu ya Likoni, hata makanga hugonga bodi kwa mdundo uleule. The Girl Is Mine nairuka kila mara.

Queen wanataka subira. Nyimbo 12, na zile fupi za kizamani zilinichosha mwanzoni. Lakini Bohemian Rhapsody! Karibu dakika 6: piano, kisha sauti zinapandana tabaka juu ya tabaka, na katikati wanaimba “Bismillah”. Mara ya kwanza nilirudisha nyuma mara tatu, nikidhani nimesikia vibaya. Freddie Mercury, mwimbaji wao, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mtoto wa mwambao, na kwangu hilo lina uzito.

Harusini weka Thriller. Usiku wa manane, stima imepotea na simu iko sikioni, niwekee Queen.