Kununua kompyuta ya injini Lubumbashi: ipi ianze, ipi iwe ya mwisho

Fundi akikwambia kompyuta ya injini (boksi linaloongoza mafuta na moto wa injini) imeungua, kabla hujaenda kwa wauza vipuri ichukue ile ya zamani, ifunge kwenye mfuko mkavu, iweke nyumbani. Muuzaji atakuomba umwachie ili akupunguzie bei. Kataa. Kompyuta inaweza kuungua upande unaoendesha injekta (zinazonyunyiza mafuta) au koili (za cheche), huku kumbukumbu yake bado inasomeka. Ndani ya kumbukumbu hiyo mna siri za imobilaiza (kinga inayozuia injini kuwaka bila ufunguo wake) zinazoutambua ufunguo wako, na kwenye magari mengi mna namba ya chesisi na, kwa dizeli, kodi za injekta (namba za kipimo cha kila injekta). Boksi lenyewe utalipata sokoni. Data za gari lako huzipati kwa muuzaji yeyote.

Jambo la pili ni kujua imeungua kwa nini. Mwambie fundi umeme apime fyuzi, relei kuu na waya za masi (hasi, zinazofungwa kwenye bodi) kwanza, maana wengi wamenunua kompyuta ilhali tatizo lilikuwa waya uliooza. Ikiwa imeungua kweli, apime koili, injekta na vali ya sailensi (inayoshika mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) moja moja. Kikipatikana kifaa chenye shoti, huenda ndicho kilichoiua ya kwanza, na kinaweza kuiua ya pili siku hiyohiyo utakayoifunga. Muulize pia kama kuna mtu aliyechomelea bodi bila kufungua betri, au aliyegeuza nyaya wakati wa kuazima moto wa betri ya gari lingine.

Sasa manunuzi.

Ninayoiweka mbele ni kompyuta iliyotumika yenye namba ileile, kisha data za yako zihamishiwe humo. Ikifanyika vizuri, gari halitambui kwamba kuna kilichobadilika: ufunguo ni uleule, namba ya chesisi ni ileile. Nenda sokoni na boksi lako mkononi, picha peke yake haitoshi. Kwa Toyota tafuta namba inayoanza na 89661; kwa boksi za Bosch, 0 281 ni za dizeli na 0 261 za petroli. Soma mpaka tarakimu ya mwisho. Kompyuta ya injini ya gari lenye giaboksi ya otomatiki na ile ya gari lenye giaboksi ya mkono zinaweza kufanana kwa umbo na soketi, lakini kazi zao ni tofauti. Halafu igeuze kwenye mwanga. Skrubu zilizokwaruzwa zinaonyesha kwamba imeshafunguliwa, na ukijani kwenye pini za soketi unaonyesha kwamba maji yaliingia. Hilo la maji liogope hasa ukinunua katikati ya masika.

Kabla ya kulipa, mwulize fundi wa data, yule atakayezihamisha: namba hii unaweza kuisoma na kuiandika, na kwa njia gani? Kwenye Toyota nyingi za zamani siri za ufunguo zimo kwenye chipu ndogo ya miguu minane, ambayo hutolewa kwa pasi ya kulehemu au kusomwa kwa kibanio. Kwenye Bosch EDC17 nyingi (kompyuta za dizeli) kumbukumbu imo ndani ya prosesa yenyewe, yaani chipu kuu, na kuisoma kunahitaji mashine nzuri pamoja na uzoefu. Mashine za bei rahisi zinaweza kusoma vizuri kisha zikafeli kwenye kuandika. Kwa hiyo fundi mzuri husoma ya zamani mara mbili, hulinganisha faili hizo mbili, na hutunza data asilia za boksi ulilonunua kabla hajaandika chochote juu yake. Mwombe akupe nakala zote kwenye flashi. Na umeme wa mezani kwake utoke kwenye betri iliyojaa: SNEL, shirika la umeme la Kongo, ikikata katikati ya kuandika, boksi linaweza lisiamke tena.

Ya pili ni kutengeneza ya kwako, nayo hupanda kuwa ya kwanza pale ubovu unapojulikana. Mitsubishi za miaka ya 1990 ni mfano mzuri: kapasita huvuja na kula njia za shaba zilizo chini yake. Ukifungua boksi utaliona doa, mara nyingine na harufu kama ya samaki. Kapasita mpya ni bei ndogo kabisa, na data hazikuguswa.

Ya tatu ni seti nzima kutoka gari moja: kompyuta, imobilaiza na ufunguo. Inafaa ikiwa ya kwako haisomeki kabisa. Kwa dizeli, kodi zilizochongwa juu ya injekta zako lazima ziandikwe upya humo, la sivyo injini itatikisika na kutoa moshi.

Mpya kutoka kwa wakala ni ya nne kwa sababu ya bei na kungoja. Lakini kwa gari la miaka ya karibuni ambalo prosesa yake imefungwa isinakiliwe, anza hapo.

Boksi lililoondolewa imobilaiza ni la mwisho. Gari litawaka, ndiyo, na litawaka vilevile kwa mwizi mwenye ufunguo wowote uliochongwa ukaingia, hata usio na chipu.

Wenye Toyota Vitz, IST na ndugu zao zilizotoka Japani na kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, pimeni hili kwanza: mengi ya magari hayo hayana imobilaiza kabisa. Ikiwa ufunguo mtupu, usio na chipu, uliochongwa mtaani unaliwasha gari lako, basi boksi la namba ileile linafungwa moja kwa moja bila kulipia data.

Kompyuta ya eabegi ni habari nyingine. Iliyotoka kwenye gari lililogonga inaweza kuwa imeshikilia kumbukumbu ya ajali, na ukikosea hapo hutalijua kosa mpaka siku ya kugonga. Hiyo nunua mpya.

Kuhusu malipo, patana na muuzaji na fundi kabla ya kazi: sehemu mkononi, iliyobaki kesho yake asubuhi, injini ikishawaka ikiwa baridi na skana ikionyesha hakuna kodi ya hitilafu.