Gorila wa Rwanda: jamaa wamejipanga, ila gari wamekuachia mwenyewe

Wadau, kuna watu wananiulizaga kama kufunga safari mpaka Musanze, kaskazini mwa Rwanda, kuona gorila kunalipa. Kunalipa, tena sana, ila mimi kilichonikosha zaidi ya gorila wenyewe ni mpangilio. Kale kanchi ni kadogo, hakana Serengeti wala bahari, wakakaa chini wakaona hatuwezi kushindana kwa wingi wa watalii basi tuchukue wachache wenye hela.

Tuanze na bei maana ndo inayotisha watu. Mgeni wa Ulaya au Marekani anatoa dola 1,500 kibali kimoja, na hicho kibali ni saa moja tu na gorila, basi. Mpaka 2017 ilikuwa 750 wakaipandisha mara mbili kwa mkupuo mmoja, na jirani zao Uganda hata leo wako kwenye 800, lakini asubuhi niliyoenda mimi wazungu walikuwa wamejaa kama hawajui kama kuna Uganda. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bei yetu, mimi nimelipa dola 200. Sasa hapo ndo nina ugomvi nao, hiyo bei mbona hamuisemi? Visit Rwanda, lile tangazo lao la utalii, walianza kukaa kwenye mkono wa jezi ya Arsenal 2018, wakaenda PSG 2019, 2023 wakaingia Bayern, yani shabiki wa Gunners pale kibanda umiza Manzese amelisoma hilo jina wikiendi na wikiendi na hajui kama kuna bei yake. Mimi mwenyewe nimeambiwa na dereva tu Kigali.

Na hayo mapesa ya mpira yana kelele zake, najua. Kuna wanaosema nchi yenye watu wengi wa hali ya chini inawalipaje matajiri wa London, halafu vita ya mashariki ya Congo, ambayo Rwanda wanatuhumiwa kuwa na mkono wao, ikachafua zaidi, 2025 Kinshasa wakaziandikia klabu waachane nao na Bayern wakaugeuza mkataba ukawa wa kukuza vipaji vya vijana. Sitaki kubishana siasa hapa. Ila kama lengo lilikuwa jina lijulikane, limejulikana.

Haya, siku yenyewe. Saa moja asubuhi mnatakiwa muwe mmeshafika Kinigi, kwenye ofisi za hifadhi, kuna chai na kahawa, vijana wa Intore, wale wachezaji wa ngoma za asili za Rwanda, wanawachezea, huku waongozaji wanawapima kwa macho nani ana pumzi na nani ana kitambi. Mnagawanywa wanane wanane, kila kundi na familia yake ya gorila. Wakati nyie mnakunywa chai kuna jamaa wameshaingia msituni toka alfajiri kutafuta gorila wamelala wapi, wanaongea na mwongozaji wenu kwenye redio, kwahiyo hamuendi kubahatisha. Mnakatiza mashamba ya viazi na pareto mpaka kwenye ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia nyati wasishuke kwa wakulima, mkishauruka ndo mko hifadhini, na huko kuna majani yanawasha hadi juu ya jinzi, vaeni glavu jamani msijifanye wagumu. Chukua na mpagazi hata kama begi lako jepesi, wengine walikuwa majangili zamani, sasa msitu huohuo ndo unawalisha.

Tulimkuta dume kubwa limekaa linamenya mwanzi taratibu kama mzee na muwa wake, halina habari na mtu. Mwongozaji anaguna kwa sauti ya chini, mmmh mmmh, na lenyewe linaguna. Sheria ni mita 10 na barakoa, ila mtoto wa gorila hajasoma sheria, kamoja kakatufuata mpaka karibu, tukarudishwa nyuma polepole. Saa ikiisha imeisha, kuna mama mmoja wa kundi letu aliomba dakika mbili za picha akanyimwa, na nikaipenda hiyo.

Pia asilimia 10 ya mapato ya hifadhi inarudi kwa vijiji vinavyoizunguka, shule, zahanati, maji, toka 2017 (kabla ilikuwa 5). Ndo maana mwanakijiji analinda. Sensa iliyotoka 2019 ilikuta gorila wa milimani 1,063 duniani kote, na idadi inapanda.

Kilichoniudhi ni gari. Kutoka Kinigi mpaka mnapoanzia kutembea mnatakiwa muwe na usafiri wenu, tena foo wili, hakuna basi la hifadhi, so wewe uliyekuja kinyonge na basi la Nyabugogo, stendi ya Kigali, unajikuta asubuhi unakodi gari zima peke yako na ile nafuu ya kibali yote imeyeyuka. Tafuteni wenzenu mchange. Na lodji niliyolala, siitaji, waliniahidi chai saa kumi na moja, nikakuta jikoni giza na mlinzi ndo ananipa pole.

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa weka oda mapema sana. Chini ya miaka 15 haruhusiwi kupanda, msije na watoto mkaanza kulia getini. Na mkivukia mpaka wa Rusumo rambo zenu ziacheni upande wa Tanzania, walizipiga marufuku toka 2008 na mabegi yanafunguliwa.