Ben Johnson na Justin Gatlin: nani alichafuka zaidi?

Wote wawili walikimbia mita 100, wote walifungiwa kushindana mara mbili kwa dawa zilizokatazwa michezoni. Mwisho wao ndio haufanani.

Johnson wa Kanada, mzaliwa wa Jamaika, alimaliza fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988 kidole kikiwa hewani: sekunde 9.79. Siku 3 baadaye dhahabu ikawa ya Carl Lewis, maana mkojo wa Johnson ulikutwa na stanozolol, dawa ya kujenga misuli. Mwaka 1989 alikiri mbele ya tume ya uchunguzi ya nchi yake, na hata rekodi yake ya Roma 1987 ikafutwa. Alirudi, akanaswa tena 1993, akafungiwa maisha.

Gatlin, Mmarekani, kosa lake la kwanza mwaka 2001 lilitokana na dawa ya tatizo la umakini aliyoitumia tangu utotoni. Hilo mimi namsamehe. La 2006, testosteroni (homoni ya kiume), hapana. Alipewa miaka 8, ikapunguzwa hadi 4. Dhahabu yake ya Athens 2004 haikuguswa, ila 9.77 yake ya Doha ilifutwa.

Kisha akarudi. London 2012 alipata shaba kwa 9.79, muda uleule wa Johnson, na huu bado upo vitabuni! Mwaka 2017, akiwa na miaka 35, alimshinda Usain Bolt kwa 9.92 palepale London, kwenye mashindano ya dunia. Uwanja ukamzomea. Yeye akapiga magoti mbele ya Bolt.

Kwangu Johnson alilipa zaidi, ingawa Gatlin ndiye aliyezomewa akiwa bado anashinda.